Barabara Tisa Tulivu za Vilima vya Italia, Kuanzia ya Tisa Hadi ya Kwanza

Tuelewane kabla hatujapanda baiskeli. Orodha hii ina kipimo kimoja kikubwa, nacho ni ukimya. Uzuri si tatizo Italia. Ukirusha jiwe utapiga kanisa la kale. Kilicho adimu ni barabara ya kupanda na kushuka ambako unausikia mnyororo wako, unaisikia pumzi yako, na gari likija unalisikia kona tatu kabla halijafika. Barabara za namna hiyo bado zipo, na kadhaa zipo kwa sababu kuna watu waliozitetea: waliokataa lami, waliofunga njia kwa magari, walioiokoa reli iliyokufa. Hao ndio mashujaa wangu, pamoja na mapaja yako.

"Na Stelvio je?" Nilijua utaanza na hilo. Stelvio inafika mita 2,757, ina kona 48 kali upande wa Prato, na kila mwenye baiskeli ana haki ya kuiota. Lakini Jumapili ya Agosti kona zote 48 ni mali ya pikipiki. Kuna siku maalumu ambapo barabara ile hufungwa ili wapite waendesha baiskeli peke yao; nenda siku hiyo na utuletee picha. Humu haimo.

Jambo moja la kukariri kabla ya safari. Vijijini Italia, kati ya saa saba na saa tisa mchana, watu wako mezani. Maduka yamefungwa, mapazia yameshushwa, malori yamelala. Wewe kula mapema, jaza chupa kwenye bomba la uwanja wa kijiji, kisha nenda. Saa hizo mbili barabara ya mkoa ni yako na mijusi.

Haya, tuhesabu kwenda chini huku tukipanda.

9. Croce d'Aune, Veneto

Kilima hiki si kirefu, lakini kinatudai sote. Kiko juu ya mji wa Feltre, kwenye kimo cha zaidi kidogo ya mita 1,000, na kinapandwa kutoka Pedavena. Mwaka 1927, ndivyo inavyosimuliwa, mshindani kutoka Vicenza aitwaye Tullio Campagnolo alikwama hapa kwenye theluji katikati ya mashindano. Enzi hizo kubadili gia maana yake ni kushuka, kulegeza nati za gurudumu la nyuma, kulichomoa, kuligeuza ili mnyororo ukae kwenye meno ya upande wa pili, na kukaza upya. Vidole viliganda, nati zikagoma, mashindano yakaondoka bila yeye.

Hasira ya siku hiyo ikazaa kile kiwiko kidogo cha chuma kilicho katikati ya gurudumu la mamilioni ya baiskeli: ukikivuta, gurudumu linatoka, ukikirudisha, limebana. Hakuna spana, hakuna kuomba msaada kwa fundi. Kileleni kuna mnara wa kumkumbuka. Simama uupe heshima, maana bila yule bwana kila pancha ingekuwa kazi ya nusu siku.

8. Vilima vya Prosecco, Veneto tena

Kati ya Conegliano na Valdobbiadene mizabibu imepandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba zabibu huchumwa kwa mkono. UNESCO iliviweka vilima hivi kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019. Hebu lifikirie hilo: pale ambapo trekta limeona aibu kupanda, wewe unapeleka magoti.

Maarufu ni Ca' del Poggio, kipande cha zaidi kidogo ya kilomita moja chenye mwinuko wa wastani wa asilimia 12, ambacho mashindano ya Giro d'Italia yamekipitia mara kadhaa. Kinaumiza vizuri. Ila juu yake kuna mgahawa, na mgahawa huita magari. Pita mara moja upate haki ya kujisifu, kisha kimbilia njia nyembamba za upande wa Rolle na Combai.

7. Ghisallo na ukuta wa Sormano, Lombardia

Hizi ni mbili kwa bei ya moja, na bei yenyewe ni kali.

Anzia Bellagio, ufukweni mwa ziwa Como, upande mpaka kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, mita 754. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Kwa hiyo mbinguni tuna mtetezi rasmi. Waliobaki ni madereva wa duniani. Ndani ya kanisa kuta zimejaa baiskeli na jezi za mabingwa, na za Fausto Coppi na Gino Bartali zimo. Imo pia baiskeli iliyopinda ya Fabio Casartelli, kijana wa mkoa huu wa Como, bingwa wa Olimpiki wa Barcelona 1992, aliyefariki kwenye mteremko wa Portet d'Aspet wakati wa Tour de France ya 1995. Hapo utani unakoma kwa dakika chache. Vua kofia.

Kilomita chache mbele ndipo ulipo ukuta wa Sormano, na hapa ndipo ukimya unapoanza kwa kweli, kwa sababu barabara hii imefungwa kwa magari. Urefu wake haufiki kilomita mbili. Mwinuko wa wastani unazidi asilimia 15, na kuna mahali unapita asilimia 25. Mashindano ya Lombardia yaliupita kuanzia 1960 hadi 1962, yakauacha kwa sababu washindani walikuwa wakisukumwa na mashabiki mpaka juu, kisha yakaurudia mwaka 2012.

Kinachonipendeza zaidi ni maandishi. Kimo kimechorwa juu ya lami yenyewe, mita baada ya mita, kwa tarakimu kubwa. Umesimama kwenye pedali, gurudumu la mbele linataka kunyanyuka, jasho linaingia machoni, unasoma namba. Unakanyaga tena kwa nguvu zote ulizorithi kwa wazee wako. Unasoma namba inayofuata. Imeongezeka moja.

Kisha unavuka kilele na kuteremka kuelekea ziwani, na hapo wahenga wanachukua usukani: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwenye mteremko huu Remco Evenepoel wa Ubelgiji aligonga ukingo wa daraja Agosti 2020, akatumbukia bondeni na kuvunjika nyonga. Ndiye huyo huyo aliyekuja Kigali Septemba 2025 akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa. Nyonga inapona. Wewe lakini bana breki.

6. Reli ya Spoleto hadi Norcia, Umbria

Hii ni ya yule mwenzetu anayesema, "Mimi napenda vilima, ila vilima havinipendi."

Treni iliwahi kupita hapa, kwenye reli nyembamba ya kilomita 51 iliyofunguliwa 1926 na kufungwa 1968. Ilisanifiwa na mhandisi wa Uswisi, Erwin Thomann, na kwa kuwa treni hailazimishwi mlima, aliizungusha: reli inajikunja, inaingia mlimani, inatokea juu zaidi, inapita juu ya daraja refu la mawe, inaingia tena. Treni ilipokufa, njia ikaachiwa baiskeli na miguu. Unapanda mlima bila kujua unapanda, na ukishtuka uko juu.

Chukua taa. Handaki kubwa la karibu na Spoleto lina urefu wa karibu kilomita mbili, na ndani yake hata Julai kuna baridi na matone yanayokudondokea shingoni. Njia ni ya changarawe, kwa hiyo tairi nyembamba za mashindano zibaki hotelini. Na uliza kwanza vipande gani viko wazi, maana ardhi ya huku ilitetemeka vibaya mwaka 2016.

Ukifika Norcia na bado una miguu, panda mpaka Castelluccio, mita 1,452. Kijiji chenyewe kilibomolewa karibu chote na tetemeko la tarehe 30 Oktoba 2016, lile lile lililoangusha basilika la Mtakatifu Benedikto pale Norcia. Lakini dengu zililimwa tena. Chini ya kijiji kuna uwanda mpana, na kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Julai mipopi na maua mengine huota katikati ya dengu na kulipaka bonde lote nyekundu, njano na buluu. Wikiendi za maua magari hufurika. Nenda Jumanne alfajiri.

5. Campo Imperatore, Abruzzo

Kwanza, mbwa. Uwanda huu wa juu, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 20 chini ya Corno Grande, mlima mrefu kuliko yote ya Apennini kwa mita zake 2,912, ni malisho ya kondoo, na kondoo wanalindwa na mbwa weupe wakubwa wa Maremma. Mbwa hawa hukuzwa pamoja na kondoo tangu wakiwa watoto, na mbwa mwitu wako kweli milimani, kwa hiyo kazini hawana masihara. Akikujia: shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea taratibu, usimkodolee macho. Usijaribu kumshinda mbio. Yeye hana haja ya kubadili gia.

Pili, chakula. Wenyeji wana mishkaki ya kondoo, vipande vidogo vidogo kwenye kijiti, inayochomwa juu ya jiko refu jembamba la mkaa na kutiwa chumvi basi. Kuna mahali uwandani unanunua nyama mbichi na kuichoma mwenyewe. Umepanda kilomita zote hizo, moshi unakuja na upepo kabla hujaona jengo hata moja, na ghafla miguu iliyokuwa imekufa inafufuka. Madaktari wa michezo waichunguze dawa hiyo.

Barabara yenyewe? Panda kutoka Santo Stefano di Sessanio mwezi Juni au Septemba. Upepo, nyasi, anga. Marco Pantani alishinda hapa juu kwenye Giro ya 1999. Baridi kali ikianza theluji hufunga njia, na kondoo nao zamani walikuwa wameshaondoka kwa miguu kwenda Puglia. Desturi hiyo ya kuhamisha mifugo iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2019.

4. Castellania Coppi, Piemonte

Kijiji hiki kina wakazi wasiofika 100, na mwaka 2019 kilibadilishwa jina rasmi ili kibebe la mtoto wake. Ni wachache waliopata heshima ya namna hiyo kwa kukanyaga pedali.

Fausto Coppi alizaliwa hapa mwaka 1919, kwenye vilima vya mizabibu juu ya Tortona. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye bucha huko Novi Ligure, akipeleka nyama kwa baiskeli na kurudi nyumbani kwa vilima hivi hivi. Wateja walipata nyama yao mapema, naye akapata miguu. Alishinda Giro d'Italia mara tano, ya kwanza mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 20, na Tour de France mara mbili. Mwaka 1949, kutoka Cuneo hadi Pinerolo, alijitenga na kundi na kwenda peke yake kilomita 192 kuvuka milima mitano. Kilomita 192! Kuna watu hatuwezi kukaa peke yetu kwenye gari umbali huo.

Barabara za kuja hapa ni nyembamba, zinapinda kila dakika na zimetulia kabisa. Mwinuko si wa kutisha, ila haukupi nafasi ya kupumzika: unashuka kidogo, unapanda kidogo, na jioni unagundua kwamba hivyo vidogo vimefanya mlima. Kuta za nyumba zimepambwa picha kubwa za Coppi, yule mtu mwembamba wa pua ndefu na kifua cha ndege.

Kaburi lake liko hapa, pamoja na la mdogo wake Serse, ambaye naye alikuwa mshindani na alifariki baada ya kuanguka mwaka 1951. Msomaji wa kwetu ana sababu ya pekee ya kusimama hapa. Desemba 1959 Coppi alikwenda Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, kwa mashindano na uwindaji. Aliporudi alishikwa na homa. Madaktari waliomtibu hawakuitambua. Mwenzake wa Kifaransa waliyelala chumba kimoja, Raphaël Géminiani, alipimwa Ufaransa, ikaonekana ni malaria, akapewa kwinini, akapona. Coppi alifariki Tortona tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40. Mtu aliyevuka Alpi peke yake, aliyetekwa vitani Tunisia mwaka 1943 akarudi kuwa bingwa upya, aliondoka kwa ugonjwa ambao mama yeyote wa Kilombero au Kisumu angeuhisi kabla hajagusa paji la uso wa mwanawe. Kila nikisoma habari hiyo inanichoma.

Haya, tunyonge. Yeye angetaka tunyonge.

3. Colle delle Finestre, Piemonte

Najua, huu si mlima wa kutalii. Kutoka Susa ni kilomita 18 na nusu za kupanda, wastani wa mwinuko unazidi asilimia 9, kilele kinakaribia mita 2,180, na kilomita takriban nane za mwisho hazina lami. Hakuna anayepita hapa kwenda dukani. Ndiyo maana unasikia maji ya mlimani kuliko injini.

Lakini uko kwenye orodha kwa sababu hapa pana kisa ambacho hata mtunzi wa tamthilia angeambiwa amezidisha chumvi. Tarehe 25 Mei 2018, Simon Yates wa Uingereza alianza siku akiwa na jezi ya pinki, anaongoza Giro. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mtoto aliyefundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alikuwa nyuma yake kwa zaidi ya dakika tatu. Kwenye vumbi la Finestre, zikiwa zimebaki kilomita 80 kumaliza, Froome aliondoka. Hakuonekana tena mpaka Bardonecchia. Yates alipoteza zaidi ya dakika 38 siku hiyo moja. Siku mbili baadaye Froome alikuwa bingwa wa Giro.

Sasa subiri miaka saba. Mei 31, 2025, mlima ule ule, vumbi lile lile, siku moja kabla ya Giro kwisha. Wawili waliokuwa mbele, Isaac del Toro wa Meksiko na Richard Carapaz wa Ekuado, walikuwa wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake afanye kazi. Yates akapita katikati ya kusitasita kwao akaenda zake. Akafika Sestriere akavaa jezi ya pinki, na kesho yake, Roma, akawa bingwa. Wawili wakigombania kiti, wa tatu kakaa!

Ukiupanda, usikimbilie. Tumia gia ndogo kabisa uliyo nayo, kaa kwenye tandiko ili gurudumu la nyuma lishike changarawe, na ukifika pale lami inapokwisha vuta pumzi moja ndefu. Kama Yates aliweza kurudi, wewe huwezi kushindwa kufika.

2. Kuta za Marche

Marche iko mashariki, upande wa bahari ya Adria, na watalii wengi huiruka wakikimbilia Toscana. Waache wairuke. Miji yake imejengwa vileleni: Recanati, Osimo, Filottrano, Jesi. Kati ya mji na mji kuna bonde, na wajenzi wa kale hawakuona haja ya kuzunguka. Barabara inashuka wima, inavuka kijito, inapanda wima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Marche utainama mpaka pua iguse usukani. Kisha unafika kilele, alizeti na ngano vimetandazwa chini mpaka baharini, na gari la mwisho ulilipita kijiji cha juzi.

Tarehe 17 Mei 2022 Giro ilipita hapa, hatua ya kumi, kilomita 196 kutoka Pescara hadi Jesi. Mwisho walibaki wawili wakisukumana kwa miguu hadi mstari: Mathieu van der Poel wa Uholanzi na Biniam Girmay wa Eritrea, kijana wa Asmara mwenye miaka 22. Van der Poel ni mtu ambaye wenzake wakimwona pembeni kwenye mita 200 za mwisho huanza kufikiria nafasi ya pili. Girmay hakufikiria. Alikaza, akakaza tena, mpaka yule mwingine akaketi na kumnyooshea dole gumba akiwa bado kwenye baiskeli. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika mweusi kushinda hatua ya mashindano makubwa ya wiki tatu, na alishinda katika nchi ambayo ndiyo iliyopeleka baiskeli Eritrea, enzi za ukoloni. Dakika chache baadaye, jukwaani, kizibo cha chupa ya prosecco kilimruka jichoni, ikabidi aondoke mashindanoni. Vilima vya Jesi vyote vilimshindwa, kizibo kikaweza! Miaka miwili baadaye alirudi kwenye Tour de France, akashinda hatua tatu na kuvaa jezi ya kijani mpaka mwisho.

Hatua ile ilipita Filottrano, na hapo ilipita kwa ajili ya mtu. Michele Scarponi alizaliwa Jesi, akaishi hapo Filottrano. Alipokuwa mazoezini, kasuku mkubwa wa rangi aitwaye Frankie alikuwa akimjia na kutua juu yake, wakaenda pamoja. Mwaka 2016, kwenye Giro, alivuka Colle dell'Agnello akiwa mbele ya wote. Alipoitwa, alisimama kando ya barabara akamngoja nahodha wake Vincenzo Nibali ili amvute. Nibali akashinda Giro ile. Tarehe 22 Aprili 2017, asubuhi, Scarponi akiwa mazoezini karibu na kwake, aligongwa na gari kwenye makutano ya barabara na kufariki. Alikuwa na miaka 37.

Ninaposema ukimya ndio kipimo, namaanisha hili. Mtu huyu alijua kuteremka Alpi kwa kasi ya pikipiki, na aliuawa kwenye makutano ya kijijini kwao. Barabara isiyo na gari ni uhai.

1. Barabara nyeupe za Siena, Toscana

Ulijua. Nilijua kwamba ulijua. Lakini sababu yangu huenda si yako.

Si miberoshi, ingawa imejipanga vileleni inavyostahili. Si mashindano ya Strade Bianche, ingawa nayapenda kwa moyo wote: yalianza 2007, ya wanawake yakaanza 2015, na yanamalizikia kwenye uwanja wa Piazza del Campo baada ya kichochoro cha Via Santa Caterina chenye mwinuko wa asilimia 16, mahali ambapo bingwa na anayefuata huonekana wamesimama. Si hata Tadej Pogačar, aliyeondoka peke yake mwaka 2024 zikiwa zimebaki kilomita 81, tukabaki kutazama mandhari.

Sababu ni Giancarlo Brocci. Miaka ya tisini barabara za changarawe nyeupe za Chianti na Crete Senesi zilikuwa zikitiwa lami moja baada ya nyingine. Kwa kila mwenye gari hayo ni maendeleo, nani apinge? Brocci alipinga, na hakupinga kwa maandamano. Mwaka 1997, kijijini Gaiole in Chianti, aliwaalika watu waje na baiskeli za kizamani. Walikuja 92. Akaiita L'Eroica. Leo maelfu huja kila Oktoba kutoka pande zote za dunia, na masharti hayajalegea: baiskeli ya mwaka 1987 au kabla, vibadili gia kwenye bomba la chini la fremu, nyaya za breki zikiwa nje, pedali za mikanda. Vituoni hakuna vijaluba vya sukari ya maabara. Kuna ribollita, supu nzito ya maharage, mboga na mkate. Ukila bakuli la pili hakuna anayekuhesabia, ila kilima kinachofuata kitakuhesabia.

Kwa hiyo leo, mtu akitaka kumwaga lami hapo, anakutana na maelfu ya watu wenye jezi za sufu na masharubu ya bandia. Barabara ya vumbi imekuwa mali kuliko ya lami, na faida yake inabaki kwa mwenye nyumba ya wageni, mwenye shamba na mwenye mkahawa wa kijijini. Nani kasema vumbi halilipi?

Njia ndefu ya Eroica ni ya kilomita 209. Huna haja ya kuimaliza siku moja. Imewekewa vibao, na mwaka mzima iko wazi. Panda kwanza kwenye kasri la Brolio kupitia njia ya miberoshi. Halafu, kama una moyo, elekea Monte Sante Marie karibu na Asciano: kilomita 11 na nusu za vilima vya udongo mtupu, bila kijiji, bila kivuli. Kipande hicho kimepewa jina la Fabian Cancellara wa Uswisi, aliyeshinda Strade Bianche mara tatu. Changarawe inalia chini ya tairi. Kwenye mwinuko mkali ukisimama kwenye pedali gurudumu la nyuma linazunguka bure, ukikaa la mbele linacheza, na kati ya hayo mawili kuna nafasi ya upana wa kiganja ambapo kila kitu kinakubali. Ukiipata nafasi hiyo utacheka peke yako. Mkulima akikuona hatashangaa, ameshawaona wengi.

Vumbi litakuingia kwenye soksi, kwenye nyusi, kwenye mdomo wa chupa, kwa hiyo beba chupa zenye kifuniko. Mvua ikinyesha, ahirisha, maana ule udongo mweupe ukilowa hushika mnyororo kama saruji. Julai na Agosti jua halina huruma. Nenda mwisho wa Aprili au Mei, tairi za milimita 32 ukiwa umezipunguza upepo kidogo, uanze Gaiole alfajiri ili uwe umeshavuka Monte Sante Marie kabla ya saa tano.